Jiko la Juu katika Nyumba za Mawe za Lamu

Mgeni aingiapo katika nyumba ya mawe ya kale mjini Lamu huonyeshwa kwanza daka lenye baraza zake za mawe, kisha kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, kisha misana, na mwisho ndani, ambako ukuta mzima umejaa zidaka zilizonakshiwa kwa chokaa. Huko ndiko yaelekeako macho ya wageni, na kalamu za wengi walioandika habari za nyumba hizi. Jiko halionyeshwi. Liko juu darini, chini ya paa la makuti, nalo halina nakshi hata moja.

Waashi wa karne ya 18 hawakuliweka huko kwa kukosa nafasi. Moshi wa kuni hupanda, na juu ya nyumba upo upepo wa kuuchukua. Hivyo chokaa nyeupe ya vyumbani husalimika na masizi. Maji nayo yalikaa chini, katika kisima na katika birika la choo, lililokandikwa chokaa madhubuti, ambamo walifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Moto juu, maji chini: ndio mpango uliozihifadhi kuta.

Lakini mpango huo ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ilibebwa vichwani mwa watu. Kila mtungi wa maji ya kupikia ulipandishwa ngazi, na kuni vilevile, na chakula kikateremshwa. Katika nyumba za matajiri, waliopanda na kushuka walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na mimi naamini kwamba tangu hapo wenye nyumba walianza kuhisi urefu wa ngazi zao. Ndipo seredani ya makaa ilipopata heshima ya kuwekwa kiwandani.

Niliyakumbuka haya nilipoitwa kutoa shauri katika nyumba moja ya mji huo, ambayo mwenyewe ni bibi mtu mzima aliyetaka jiko jipya chini. Mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 hulinda majengo ya urithi. Haikuwa rahisi basi kubomoa na kujenga apendavyo mtu. Nikamwuliza, "Bibi, jiko la juu lina kasoro gani?"

Akanijibu, "Mwanangu, jiko halina kasoro. Wenye kasoro ni magoti."

Fundi alikwisha kumpa shauri lake: saruji ukutani, vigae juu yake, mabomba yachimbiwe ndani ya mawe, na zidaka zifanywe makabati. Kuta hizi ni za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu meta, nazo hunywa unyevu na kuutoa. Saruji huufungia. Unyevu uliofungiwa hutafuta njia nyingine, hupanda pamoja na chumvi yake, hubandua lipu, na hatimaye hufika kwenye vichwa vya boriti. Boriti hizo za mikoko, ambazo urefu wake usiozidi meta 3 ndio uliovifanya vyumba vya Lamu kuwa vyembamba, zimebeba sakafu nzito ya mawe na chokaa. Na kichwa cha boriti kikioza ndani ya ukuta hakionekani mpaka sakafu imekwisha kulegea.

Wako wasemao kwamba dawa yake ni kuliacha jiko lilipo. Siafikiani nao. Kumlazimisha ajuza kupanda ngazi ili nyumba ipendeze wageni ni kumgeuza yeye kuwa kitu cha makumbusho. Tuliafikiana kwamba karo iegemee ukuta wa choo, ambao wahenga waliutayarisha kwa maji. Mabomba yapite juu ya ukuta na yaonekane. Makabati yasimame kwa miguu yao wenyewe. Jiko la gesi likae karibu na kiwanda ili mvuke utoke. Na lipu iwe ya chokaa. Fundi alinuna, maana chokaa haina haraka ya kukauka, na siku zake zina malipo mengine.

Kabla ya kulifunga jiko la juu niliomba lipimwe na kuchorwa. Bibi aliketi kiwandani, mjukuu wake akawa darini akipaza sauti kueleza umbo la kila alichokiona, na bibi akikitaja kwa jina: uchaga, susu, mbuzi ya nazi, kinu na mchi wake, kifumbu kilichokauka. Walipofika kwenye mafiga akasema yasiguswe, kwani wajukuu wenye magoti mazima watakuja kutamani wali uliopikwa kwa kuni.