Jukwaa la Mji Mdogo: Funzo la Kamiriithu kwa Arua na Koboko

Mwalimu ye yote aliyefundisha Arua au Koboko anayafahamu mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo. Wanafunzi hufanya mazoezi kwa majuma mengi chini ya mwembe. Siku ikifika hupandishwa lori, huimba, huigiza, hupewa cheti. Kisha njuga, ngozi na vazi la mfalme hufungwa ndani ya gunia na kutupwa stoo mpaka mwaka wa pili. Wazee ambao ndio wenyewe wa ngoma zile mara nyingi hawaulizwi neno, wala jirani wa shule haalikwi kutazama. Twaweza kusema, basi, kwamba maigizo yapo katika miji yetu, lakini jukwaa la watu halipo. Katika makala hii tutajaribu kueleza tofauti iliyopo baina ya mambo haya mawili, kwa kuufuata mfano mmoja wa historia ambao twaona unamfaa kila mwalimu wa Kiswahili, ingawa mfano wenyewe haukutendeka kwa Kiswahili.

Kijiji na kituo chake

Kamiriithu ni kijiji kilicho karibu na mji mdogo wa Limuru, nchini Kenya. Kilianza katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, serikali ya kikoloni ilipowakusanya wananchi kwa nguvu ili wasiweze kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Baada ya Uhuru wa 1963 kijiji kile hakikuvunjwa. Wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, wakulima wenye vipande vidogo vya ardhi, na vijana wasio na kazi. Palikuwa na uwanja wa ekari nne uliotengwa kwa ajili ya shughuli za vijana, na juu yake kibanda kikuukuu cha udongo.

Mwaka 1976 kamati ya wanakijiji ilianza kukifufua kituo hicho, kikawa Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii ya Kamiriithu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kisomo cha watu wazima. Hapa tungependa msomaji atue kidogo. Jukwaa lile halikuanzishwa na mwandishi aliyekuwa akitafuta waigizaji. Lilitokana na watu waliokwisha kujifunza kusoma, kisha wakataka kitu cha kusoma na cha kujadili. Mwishoni mwa mwaka huo waliwatuma Ngugi wa Thiong'o, mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngugi wa Mirii, mtaalamu wa elimu ya watu wazima, wawaandikie mchezo. Rasimu ilikuwa tayari Aprili 1977. Mchezo huo, Ngaahika Ndeenda, uliandikwa kwa Kigikuyu, na baadaye ukatafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda.

Jinsi jukwaa lilivyoendeshwa

Mengi yamesemwa juu ya siasa ya mchezo ule. Sisi tungependa kutazama zaidi uendeshaji wake, kwa kuwa hapo ndipo penye funzo kwa mtu wa mji mdogo.

Kwanza, mazoezi yalifanywa hadharani. Tangu yalipoanza Juni 1977, mpita njia aliweza kusimama, akatazama, akakosoa. Wazee walikataa maneno waliyotiwa mdomoni mhusika mzee, wakisema kwamba mtu wa umri ule hasemi hivyo. Nao waandishi, pamoja na usomi wao, walirudi kuyaandika upya. Mama mmoja asiyejua kusoma ndiye aliyewapa nyimbo za arusi ya kale, neno kwa neno. Siku ya kufungua ilipofika, wengi kijijini walikuwa wameujua mchezo kwa moyo, maana kila mmoja alikuwa na neno lake ndani.

Pili, muda ulipangwa kwa kumfuata mwenye jembe. Mazoezi yaliwekwa mwishoni mwa juma, ili kibarua asikose ujira wake wala mkulima asiache shamba. Jambo hili laonekana dogo, lakini vikundi vingi hufa kwa sababu ratiba yao hupangwa na watu wenye mshahara.

Tatu, jengo lilikuwa la wenyewe. Vijana wa kijiji walianza kwa kupanga njiti za kiberiti chini, wakatengeneza mfano mdogo, hatimaye wakajenga jukwaa la nusu duara lenye ukuta wa mianzi nyuma yake, na viti vya kutosha watu zaidi ya 2,000. Halikuwa na paa. Mtazamaji na mwigizaji walikuwa chini ya mbingu moja, na ikinyesha, walinyeshewa wote.

Nne, kamati ilikuwa juu ya mwandishi. Ngugi wa Thiong'o, mwenye jina kubwa duniani, alikuwa mwanakamati miongoni mwa wanakamati. Tunalitaja hili kwa sababu katika miji yetu kikundi cha maigizo mara nyingi huitwa kwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo akihamishwa kikazi, kikundi nacho huhama.

Kuvunjwa kwake

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kutoka mbali kwa mabasi ya kukodi. Tarehe 16 Novemba, baada ya wiki sita na ushei, serikali iliuondolea kibali. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978.

Lakini kijiji hakikunyamaza. Mwishoni mwa 1981 watu wale wale walianza mazoezi ya mchezo mwingine, Maitu Njugira, waliotaka kuuonyesha katika jumba la taifa mjini Nairobi. Mwezi Februari 1982 walizuiwa kuingia jumbani humo. Wakaendelea na mazoezi katika ukumbi wa Chuo Kikuu, na kwa kuwa desturi yao ilikuwa mazoezi ya hadharani, maelfu ya watu wakaenda kuyatazama hayo mazoezi. Hatimaye, mwezi Machi 1982, kituo kilifutiwa usajili, na tarehe 12 ya mwezi huo polisi wenye silaha walifika Kamiriithu, wakalibomoa jukwaa mpaka chini.

Tuyalinganishe haya na yaliyotokea kwetu. Mapema mwaka ule ule wa 1977, Byron Kawadwa, mkuu wa jumba la taifa la maigizo mjini Kampala, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, muda mfupi baada ya kurudi na kikundi chake kutoka katika tamasha la sanaa la Lagos. Waandishi wengine, kama John Ruganda, waliishi uhamishoni. Jumba la Kampala, lililofunguliwa 1959, halikubomolewa. Lipo mpaka leo. Kenya walibomoa jengo, lakini ujuzi ulikuwa umekwisha kuenea kwa watu wengi. Uganda jengo lilibaki, akaondolewa mtu. Mwenye kuendesha jukwaa hana budi kujiuliza: kitu chetu kimewekwa wapi? Ndani ya jengo, ndani ya mtu mmoja, au ndani ya watu wengi?

Nile Magharibi

Arua ipo karibu kilomita 500 kutoka Kampala, na Koboko ipo mbele zaidi, mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Jumba la taifa halikujengwa kwa ajili yetu. Hata hivyo, si kweli kwamba watu wa huku hawakuwa na jukwaa. Walugbara wana ongo zao, ngoma za matanga, ambamo nyimbo mpya hutungwa, na neno lisilosemeka mbele ya wakubwa huweza kuimbwa. Kuna adungu, zeze la upinde ambalo kutoka huku kwetu limeenea Uganda nzima. Wanubi wana doluka. Duara la watu, mwimbaji katikati, hadhira inayojibu: hilo ni jukwaa kabla ya mbao na misumari.

Kiswahili nacho kina historia yake ya pekee. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, iliyotawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka kifo chake cha 1909; likatiwa katika Sudan 1910, na 1914 likaingizwa Uganda, Arua ikafanywa makao ya wilaya. Tangu hapo vijana walichukuliwa kwenda jeshini na kwenda mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi. Waliporudi, walirudi na Kiswahili pamoja na blanketi na sanduku la bati. Mwaka 1973 Idi Amin, mwenye asili ya Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Alipoanguka Aprili 1979, lugha hiyo ilikuwa imekwisha kupakwa matope ya utawala wake.

Yaliyofuata wenyeji wanayajua. Kuanzia Oktoba 1980 vita viliwatawanya watu wa Arua na Koboko hadi Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 wananchi waliokuwa wamekimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali. Sisi tuliozaliwa miaka ile tulikijua Kiswahili kwa nyuso mbili. Wazazi wetu walisimulia amri zilizotolewa kwa Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani, ambapo kukosea jibu kuliweza kumgharimu mtu roho yake. Wazazi hao hao walisimulia jinsi walivyonunua muhogo kwa Kiswahili katika masoko ya upande wa Zaire, na muuzaji hakuwauliza kabila. Lugha ni moja; mdomo mmoja ulitisha, mwingine ulilisha.

Tuigize kwa lugha gani?

Mtu aweza kutuuliza: ninyi walimu wa Kiswahili mwatoa mfano wa Kamiriithu, ambako wanakijiji walishika lugha ya mama yao, je, mfano huo hauwapingi ninyi wenyewe? Swali ni la haki, wala hatutalikwepa. Funzo la Kamiriithu ni kwamba lugha ya jukwaa ni ile ambayo hadhira yaweza kuisahihisha. Mzee wa Koboko hawezi kusahihisha Kiswahili chetu cha vitabuni. Atakaa kimya kwa adabu, na kimya hicho ndicho mwisho wa jukwaa la watu.

Kwa hiyo twaona kwamba nyumbani, jikoni na matangani wahusika waseme Kilugbara au Kikakwa. Lakini mchezo ukitoka nyumbani ukaenda sokoni, mpakani, kwenye lori au kituo cha polisi, hapo Kiswahili kitaingia chenyewe, kama kinavyoingia katika maisha. Soko la Koboko likiigizwa kwa Kiswahili sanifu kitupu litakuwa uongo. Likiigizwa kwa Kikakwa kitupu litakuwa uongo pia. Tena ule uchungu wa kizuizini usifichwe. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini amri, hata ikiwa njema, haiondoi hofu ya mtu aliyekwisha kuamrishwa kwa lugha hiyo. Yamkini jukwaa laweza kuipunguza, kwa sababu pale askari wa kizuizini atachezwa na kijana wa mtaani, na mama aliyetetemeka 1981 ataweza kusimama na kusema, "Sivyo alivyosema. Alisema hivi."

Yatupasayo

Hatuwashauri walimu waanze kwa kujenga. Mwaka 2023, katika makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe inayopakana na Koboko, kilikamilika kituo cha sanaa kilichojengwa kwa matofali ya udongo, chenye paa la kukusanya maji ya mvua. Ni jengo la kupendeza, na twafurahi kuwa nalo Nile Magharibi. Lakini jengo ni swali kuliko kuwa jibu: nani atashika ufunguo, nani atachagua mchezo, nani atafagia baada ya watu kuondoka?

Sisi tuanze na tulicho nacho. Shule ina uwanja, mwembe, na gunia la mavazi lililolala stoo miezi kumi na moja. Mazoezi ya mashindano yafanywe siku ya Jumamosi alasiri, lango likiwa wazi. Wazee waitwe wasahihishe kabla ya mwamuzi wa mashindano. Iundwe kamati ndogo ya mzazi, fundi, mwimbaji na mwalimu, na mwalimu asiwe mwenyekiti. Fedha zihesabiwe mbele ya watu na kuandikwa daftarini, na daftari lisilale nyumbani kwa mtu mmoja. Kibali kiombwe mapema kwa maandishi, na nakala ihifadhiwe.

Ngugi wa Mirii alifariki Zimbabwe mwaka 2008, na Ngugi wa Thiong'o alifariki Mei 2025. Jukwaa lao halikusimama hata miaka mitano. Hata hivyo, ni kwa sababu ya watu waliolijenga kwa kupanga njiti za kiberiti kwamba sisi, tulio mbali nao na tusiojua lugha yao, tunaweza leo kufundishwa nao. Muhula ujao, kabla ya kulifungua lile gunia, tulifungue kwanza lango la shule.