Mdau na Mshikadau

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kioo wa hoteli moja mjini Thika: mkutano wa washikadau wa uchukuzi, saa tatu asubuhi, ukumbi wa juu. Nilichungulia. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe, na mbele ya kila kiti kuna chupa ya maji na kalamu mpya. Nikashuka hadi stendi, ambako makanga alikuwa ananing'inia mlangoni mwa matatu ya Nairobi akigonga bodi kwa kiganja. Nikamuuliza kama ana habari za mkutano ule.

"Mzee, huo ni wa washikadau," akasema bila kuacha kugonga. "Sisi ni watu wa kazi."

Hakuwa anafanya mzaha wala kulalamika. Alinipa maana ya neno jinsi linavyotumika, na kamusi yake ilikuwa mpya kuliko ya kwangu.

Kenya tunasema mshikadau, wingi washikadau. Hakuna taarifa ya habari inayopita bila washikadau wa elimu, washikadau wa majani chai au washikadau wa soka. Tanzania wanasema mdau, na huko neno limeteremka hadi barabarani: mtu anamwamkia rafiki yake "mdau, vipi?" bila kuwaza mkutano wala posho. Letu limebaki na tai shingoni. Wote tunajaribu kutaja kitu kimoja, kile ambacho Kiingereza kinakiita stakeholder, yaani mtu ambaye biashara au mradi fulani unamgusa na yeye anaugusa, hata kama jina lake haliko kwenye daftari la wenyehisa.

Msingi wa maneno yote mawili ni dau. Dau ni kile unachokiweka mezani kabla karata hazijagawiwa. Linawekwa, linapanda, linaliwa. Vijana wa mtaa wa Makongeni wanaokaa na simu Jumamosi jioni wakisubiri matokeo ya Ligi Kuu ya Uingereza hawahitaji kufundishwa. Mkeka wa ubashiri ukichanika, dau limekwenda. Lipo dau jingine, lile la baharini, chombo kidogo cha tanga, na nimewahi kumsikia mwezeshaji wa semina akieleza kwamba wadau ni watu waliopanda dau moja, wakizama wanazama pamoja. Ni maelezo matamu, ila neno halikutoka huko. Hata hivyo, akitaka kubaki baharini, asiisahau methali ya wenye bahari: dau la mnyonge haliendi joshi. Nitairudia.

Kiingereza chenyewe kilianza na kamari. Katika karne ya 18 neno lao lilimtaja mtu wa tatu. Wawili wanaposhindania kitu, kila mmoja humkabidhi fedha zake mtu wasiyemtilia shaka, akae nazo hadi mshindi ajulikane. Huyo hakuwa na chake pale. Anayeliwa ni mwingine, yeye anashika tu. Miaka mingi baadaye neno likageuzwa. Mwaka 1963 watafiti wa Stanford, Marekani, walilitumia kwa makundi ambayo bila msaada wao kampuni ingekufa. Mwaka 1984 Edward Freeman akaandika kitabu cha usimamizi kilicholitangaza duniani, akalipanua: yeyote awezaye kuathiri malengo ya kampuni, au kuathiriwa nayo. Alikuwa anajibu wazo lililotawala wakati ule, ambalo mwanauchumi Milton Friedman alikuwa amelitetea gazetini mwaka 1970, kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida ya wenye mali, mradi haivunji kanuni za mchezo.

Sasa litazame la kwetu. Mshikadau limetafsiriwa kiungo kwa kiungo, mshika na dau, na matokeo yake likamrudisha yule mtu wa karne ya 18, anayeshika fedha za wengine na kwenda nyumbani salama. Mdau ni mwenye dau lake mezani. Kwa masikio yangu tofauti hiyo si ndogo. Mwenyehisa anaweza kupiga simu kesho asubuhi akauza hisa zake. Mdau ameshaweka, na alichoweka hakirudishwi mfukoni: miaka yake ya kazi, kijiji alichozaliwa, mto anakochota maji, kibanda cha chai ambacho hakina maana magari yakihamia stendi nyingine. Ukitaka kumjua mdau wa kweli, tafuta nani hawezi kuondoka.

Turudi kwa makanga wangu. Barabara ya Thika imeona biashara ya matatu ikigeuzwa mara kadhaa. Februari 2004 zilianza kanuni za waziri John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, sare, na wafanyakazi wa kulipwa mshahara. Kisha serikali ikataka kila mwenye gari ajiunge na sako, yaani chama cha ushirika, au kampuni. Barabara yenyewe ikapanuliwa, Rais Kibaki akaifungua mwaka 2012. Halafu ikaja kadi. Google na benki ya Equity walileta BebaPay mwaka 2013, kadi ambayo abiria aliigusisha kwenye simu ya makanga na nauli ikakatwa. Kulikuwa na kadi za kampuni nyingine pia. Serikali nayo ikatoa amri kwamba kuanzia Julai 2014 nauli isilipwe tena kwa noti.

Kwenye karatasi, hesabu ilikuwa safi. Mwenye gari ataona kila shilingi, wizi utakwisha, kodi italipwa. Ila hakuna aliyekaa mlangoni mwa matatu siku nzima kuona noti inakwenda wapi. Mwenye gari hupanga kiasi anachotaka jioni. Kinachozidi hicho, baada ya mafuta, ndicho chakula cha dereva na makanga. Hapo hapo kuna kamagera aliyejaza gari, anatupiwa chake kabla halijatoka. Kuna skwodi aliyepiga safari mbili dereva akila. Kuna kijana aliyeosha matope, na mama wa chai anayewakopesha alfajiri na kulipwa saa nne. Kuna pia mkono wa hongo wa barabarani ambao kila Mkenya anaujua, na huo siulilii. Kadi ilichukua fedha zote hizo ikazipeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, na watu watano au sita wakabaki wanatazamana. Makanga akagundua kwamba mashine imeharibika. Kesho yake ikaharibika tena. Abiria naye alikuwa na haraka, na hakuona kadi inampa nini ambacho noti haimpi. Amri ilisogezwa mbele, ikafifia, na Machi 2015 BebaPay ikafungwa.

Huenda msomaji akasema mashine zilikuwa mbovu kweli. Zingine, ndiyo. Lakini leo panda gari pale pale Thika uone nauli inavyolipwa kwa M-Pesa bila amri ya waziri, makanga akisoma ujumbe kwenye simu na kuitikia kwa kichwa. Fedha za simu zinagawika. Makanga anaweza kumtumia mama wa chai, na skwodi akapata chake kabla ya kushuka. Kilichobadilika si teknolojia peke yake. Ni kwamba njia hii ya pili ilifuata uhusiano ulivyokuwa umekaa, ya kwanza ikapita juu yake.

Kisa cha pili ni kizito, na sina hamu ya kukipamba. Mashamba ya mananasi ya Del Monte yanaanza nje kidogo ya Thika na kuvuka hadi Murang'a, na kampuni imekuwa hapo tangu miaka ya 1960. Imeajiri maelfu. Wakati huo huo vijiji vinavyopakana nayo vimeishi miaka mingi na malalamiko juu ya walinzi wake: kupigwa, kujeruhiwa, hata vifo vya watu walioshukiwa kuiba mananasi. Wizi ulikuwepo, na kampuni ilikuwa na haki ya kulinda mali yake. Lakini malalamiko yale yalizunguka vijijini na mahakamani bila kuitikisa biashara. Juni 2023 gazeti la Guardian la Uingereza, pamoja na waandishi wa uchunguzi wa London, likayachapisha madai hayo. Maduka ya Tesco ya huko Uingereza yakasitisha kununua mananasi ya shamba hilo. Mwaka 2024 kampuni ikawaachisha kazi walinzi wake na kuikabidhi G4S ulinzi.

Angalia ni nani aliyesikika. Mama wa kijijini aliyekuwa akizunguka shamba kwa mbali ili mwanawe asikutwe njiani alikuwa na dau kubwa kuliko mtu yeyote katika ile biashara, naye hakuweza kuihamisha hata senti moja. Mnunuzi wa Uingereza, ambaye kesho atapata mananasi ya Costa Rica, alisogeza mambo ndani ya miezi. Ndiyo ile methali ya dau la mnyonge niliyosema nitairudia. Ufafanuzi wa Freeman unawaingiza wote wawili katika kapu moja, anayeathiri na anayeathiriwa, na kwenye orodha ya washikadau wanaandikwa kwa wino mmoja. Mimi ningewatenga. Mnunuzi ana nguvu. Mama ana dau.

Ruiru, kati ya Thika na Nairobi, niipitie haraka, maana habari yake inaonekana kwa dirisha la matatu. Huu ni mji wa kahawa. Aina ya Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 imebeba jina lake duniani. Leo mikahawa imeng'olewa na nyumba zimeota. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 490,000, na mji mpya wa Tatu City pekee umekalia ekari 5,000 zilizokuwa za mikahawa. Katika mauzo ya ardhi kama hizi kuna mwenye hati, mnunuzi, wakili, benki na kaunti. Mchumaji aliyezeeka katika nyumba za kambi hana karatasi, kwa hiyo hana kiti.

Sheria, kwa kweli, imetangulia mbele ya lugha yetu. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Makampuni ya 2015 kinamtaka mkurugenzi, anapotafuta ufanisi wa kampuni, azingatie maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wauzaji na wateja, na athari za shughuli zake kwa jamii na mazingira. Hakikutaja washikadau. Kimetaja watu kwa kazi zao, na kimetaja uhusiano wenyewe. Mwandishi wa tangazo la pale hotelini angeweza kufanya vivyo hivyo: madereva, makanga, kamagera, abiria, mama wa chai. Tangazo lingekuwa refu kidogo, na makanga angejua kwamba anaitwa.

Nimekuwa nikiandika mshikadau kwa miaka kwa sababu wahariri wa Nairobi wanalitaka. Kuanzia makala hii naandika mdau, na kwa yule tu ambaye anaweza kuliwa. Mshikadau abaki na kazi yake ya zamani ya kutunza fedha za watu wawili mpaka mchezo uishe.