Mafuta ya Mnyama Gani?

Nilipokuwa kidato cha pili, mamangu alinituma kwa jirani kuazima sufuria kubwa. Jirani alikuwa Mwislamu, na milango yetu kwenye ile ploti ilitazamana. Siku hiyo babangu alikuwa amekuja na kilo mbili za nguruwe. Tukapika, tukala, halafu nikaisugua ile sufuria kwa sabuni na jivu mpaka ikang'aa, nikairudisha. Jioni yule mama akaja nayo mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kaeni nayo. Lakini mngeniuliza."

Nimeikumbuka sana hiyo sufuria tangu nianze kusoma kuhusu risasi za karne ya 19, na hasa kuhusu grisi iliyopakwa kwenye risasi hizo.

Kiswahili kina neno moja kwa madini na kwa kitu kinachotoka kwenye bunduki: risasi. Inaeleweka. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 hivi, joto ambalo moto wa kawaida wa kuni unaweza kulifikisha. Kwa hivyo kwa karne nyingi mwindaji au askari alijitengenezea mwenyewe nyumbani: anayeyusha, anamimina kwenye kalibu, anangoja ipoe, anakata kile kimkia kilichobaki. Hapo kazi ilikuwa imefika nusu tu. Yalibaki maswali mawili: risasi iwe na unene gani, na ipakwe nini?

Ukitaka kuona kwa nini maswali hayo yalikuwa mazito, fikiria gobori. Unamwaga baruti kupitia mdomo wa mtutu, unaweka risasi, unaisukuma chini kwa mdeki. Ukifyatua, baruti nyeusi inaacha masizi magumu ndani. Baada ya milio kadhaa, risasi iliyokuwa ikiingia vizuri inakwama njiani. Ukiifanya nyembamba sana, moshi na nguvu vinapita kando yake, nayo inatoka ikiyumba. Dawa ilikuwa grisi, ili masizi yalainike. Mafuta ya ng'ombe yalipatikana kirahisi, lakini kwenye joto yanayeyuka na kuchuruzika. Nta ya nyuki inavumilia joto, ila peke yake ni ngumu, kwa hivyo wengi waliichanganya na mafuta kidogo. Wawindaji wa Marekani walifunga risasi kwa kitambaa kilichopakwa mafuta. Kila mtu alichagua yake, na hakuna aliyehitaji kumweleza mwingine sababu.

Halafu uchaguzi huo ukahamia kiwandani.

Mwaka 1853 Waingereza walitoa bunduki mpya ya Enfield. Mtutu wake ulikuwa na upana wa inchi 0.577, na ndani ulichongwa mistari inayozunguka ili risasi itoke ikijizungusha na kwenda mbali bila kupotea. Risasi ilikuwa nyembamba kidogo kuliko mtutu, iteleze chini, kisha nguvu ya mlipuko iitanue ishike ile mistari. Ilikuja ikiwa imefungwa kwenye karatasi pamoja na baruti yake, kitu kilichoitwa katriji, na upande wa risasi ulikuwa umepakwa grisi. Askari alifundishwa kuing'ata katriji kwa meno, kumwaga baruti, kisha kuisukuma risasi ndani pamoja na karatasi yake yenye grisi.

Kuing'ata kwa meno. Sasa peleka hiyo katriji India, kwa jeshi la Kampuni ya East India kule Bengal, ambako askari wengi walikuwa Wahindu wa tabaka la juu, na Waislamu pia hawakuwa wachache. Kwa Mhindu, ng'ombe ni mtakatifu. Kwa Mwislamu, nguruwe ni haramu. Na ndani ya ile grisi kulikuwa na mafuta ya wanyama. Wanyama gani? Hakuna aliyehakikisha. Onyo kwamba grisi hiyo ingewaudhi askari lilikuwa limetolewa na maofisa huko huko India mwaka 1853, lakini halikufanyiwa kazi.

Inasimuliwa kwamba Januari 1857, kwenye ghala la silaha la Dum Dum karibu na Calcutta, kibarua wa tabaka la chini alimwomba askari maji ya kunywa kwenye chombo chake. Askari akakataa, kisa tabaka. Kibarua akamjibu kwamba tabaka lenyewe si la kudumu, kwa sababu hivi karibuni wote watang'ata mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe.

Habari ikasambaa kama moto wa nyikani. Na hapa ndipo mimi hushangaa, kwa sababu serikali ilijaribu kurekebisha, tena haraka. Mwezi huo huo iliamuliwa askari wajichanganyie grisi yao wenyewe. Baadaye hata mafunzo yakabadilishwa, katriji ichanwe kwa mkono badala ya meno. Lakini wapi. Askari wakaanza kuishuku karatasi yenyewe, kwamba inang'aa kupita kiasi, lazima ina kitu ndani.

Tarehe 24 Aprili, kule Meerut, askari wapanda farasi 90 waliamriwa kuchukua katriji. 85 walikataa. Kumbe zilikuwa za aina ile ile ya zamani waliyoizoea! Haikusaidia. Tarehe 9 Mei walivuliwa sare na kufungwa minyororo mbele ya wenzao. Kesho yake Meerut ikalipuka, waasi wakaelekea Delhi, na vita vikaenea kaskazini mwa India. Mwaka 1858 utawala ukatoka kwa Kampuni, ukaenda kwa malkia wa Uingereza.

Tusidanganyane, grisi haikuleta hayo yote peke yake. Mwaka 1856 Kampuni ilikuwa imenyakua ufalme wa Awadh, nyumbani kwa askari wengi, na kuweka sheria ya kuwalazimu askari wapya kuvuka bahari wakitumwa. Malalamiko ya mishahara yalikuwepo pia. Watu waliokwisha kunyang'anywa hivyo hawakuwa na sababu ya kuamini maneno ya Kampuni kuhusu mafuta.

Kinachoniuma ni hiki. Katika joto la vita hivyo, Waingereza wenyewe walihangaika kupakia Enfield. Baadaye walipunguza unene wa risasi hadi inchi 0.55, na grisi ikaja kuwa ya nta ya nyuki zaidi. Yaani ile nta, ambayo Mhindu na Mwislamu wangeing'ata bila shida, ndiyo pia iliyofaa zaidi kwa kazi. Anayeishi kwenye joto hilo angeweza kuwaambia mapema.

Sufuria ya jirani tunayo hadi leo. Mama huipikia wageni wakija wengi. Yule jirani alihama ile ploti miaka mingi iliyopita, na kabla hajahama tulishanunua sufuria mpya, tukampelekea. Aliishukuru, akaiweka juu ya kabati. Sikuwahi kumwona akiipikia.