Dreki: joka na jahazi

Neno «dreki», ambalo Wanorse wa kale walilipokea kutoka Kilatini «draco», lilibeba maana mbili, yaani joka la masimulizi na jahazi la vita ambalo omo yake, sehemu ya mbele ya chombo, ilichongwa kichwa cha joka. Sheria ya kale ya Iceland, kama inavyosimuliwa katika Landnámabók, iliwataka mabaharia kuving'oa vichwa hivyo kabla ya kuiona nchi kavu, ili vinywa vilivyoachama visije vikawatisha «landvættir», yaani mizimu ilindayo ardhi. Kwa hiyo sanamu hiyo haikuwa pambo tu.

Kinachostaajabisha zaidi ni kwamba mfalme Olaf Tryggvason wa Norwei, aliyeeneza Ukristo kwa upanga bila haya, alisafiri katika jahazi la namna hiyo, lililoitwa Ormrinn langi, Nyoka Mrefu. Ili kuishinikiza Iceland ipokee Ukristo, aliwazuia Waisilandi kadhaa kama mateka, na karibu na mwaka 1000 baraza la Althing lilimwachia uamuzi Þorgeir, msemaji wa sheria, naye hakuwa Mkristo. Þorgeir alijifunika joho lake mchana kutwa na usiku kucha, kisha akaamua kwamba wote wabatizwe, ingawa ulaji wa nyama ya farasi na kutambika kwa siri viliruhusiwa, ruhusa ambayo ilifutwa baada ya miaka michache, Olaf akiwa amekwisha kufa katika vita vya Svolder.