Dakika Sita Kasoro (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Ni mwaka 1975, jijini London. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, amempigia prodyuza Roy Thomas Baker wimbo mpya kwa piano. Kufika katikati, akanyamaza ghafla: hapo, akasema, ndipo opera itakapoingia. Kisha wakatoka kwenda kula. SASA ENDELEA...

Opera yenyewe ilikuwa haijarekodiwa hata sauti moja. Ilikuwa kichwani mwa Freddie tu, na kwenye vikaratasi.

Vikaratasi hivyo Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie, alivikumbuka miaka mingi baadaye. Freddie aliingia navyo studio lundo zima, karatasi za kazini kwa baba yake. Mzee Bomi Bulsara alikuwa keshia wa serikali Zanzibar hadi mapinduzi ya 1964 yalipoipeleka familia Uingereza. Juu ya karatasi hizo hapakuwa na mistari ya muziki. Palikuwa na herufi za noti, zimeandikwa zikabanana, na mwenyewe ndiye aliyejua wapi pa kuanzia.

Tarehe 24 Agosti wakaingia Rockfield, shamba karibu na Monmouth, Wales, ambako ndugu Kingsley na Charles Ward walikuwa wameyageuza majengo ya shambani kuwa studio. Wakaanza na uti wa mgongo wa wimbo: Freddie kwenye piano, John Deacon kwenye besi, Roger Taylor kwenye dramu. Palipotakiwa opera wakaacha mkanda mtupu wa sekunde 30 hivi. Baker aliamini zingetosha.

Hazikutosha. Kila Freddie alipoingia alikuwa na nyongeza, na kila nyongeza ilidai mkanda zaidi.

Naomba msomaji wangu usimame nami hapa, maana leo kompyuta imetusahaulisha kazi ya watu hawa. Mkanda wao ulikuwa na njia 24 tu za sauti. Waliotakiwa kusikika ni kwaya nzima. Waliokuwepo ni waimbaji watatu. Taylor alipanda juu kabisa, Freddie akakaa katikati, May akashika chini. Wanaimba, wanarekodi, wanarudia juu ya walichokwisha kuimba. Njia zikijaa, wanazichanganya kadhaa kuwa moja ili kupata nafasi, kisha wanaanza tena. Siku nyingine waliimba saa 10 hadi 12. Sehemu hiyo pekee ilikula kama wiki tatu, na sauti zilizopachikwa zinatajwa kufikia 180.

Mkanda ule ulikuwa plastiki iliyopakwa unga wa madini ya chuma, na sauti hukaa kwenye unga huo. Kila ukipita kwenye mashine, unga unapukutika kidogo. Siku moja wakauinua mbele ya taa, na mwanga ukapita upande wa pili! Kazi yote ilikuwa inafutika mbele ya macho yao, na wimbo haujaisha.

Wakaunakili haraka kwenye mkanda mwingine, wakaendelea.

Unaweza kusema ni ukaidi wa wasanii. Mimi naona ni ujasiri wa watu waliokwisha kufika ukutani. Mwaka uliotangulia kibao chao “Killer Queen” kilishika nafasi ya 2 Uingereza, lakini wenyewe bado walilipwa pauni 60 kwa wiki. Deacon aliomba pauni 4,000 za kutanguliza kwenye nyumba, akanyimwa. Agosti hiyohiyo ya 1975 walijitoa kwenye mkataba uliowabana hivyo kwa pauni 100,000, wakamchukua meneja mpya, John Reid. Albamu waliyokuwa wakiirekodi ikianguka, bendi nayo kwisha.

Wimbo ulipokamilika ulikuwa na dakika 5 na sekunde 55. Jina: “Bohemian Rhapsody”.

Wakubwa wa EMI, kampuni iliyotoa santuri zao, walisikiliza, wakatoa hukumu: mrefu mno, redio hazitaupiga, ukatwe. Hata Elton John, msanii mwingine wa Reid, hakuamini kwamba ungepigwa redioni. Queen wakagoma. Utoke mzima au usitoke. Na walikuwa sahihi: ukiondoa opera, kinachobaki ni wimbo mwingine.

Ndipo wakamkumbuka Kenny Everett, mtangazaji mtundu wa Capital Radio na rafiki wa Freddie. Wakampa nakala kwa sharti moja: asiipige hewani. Everett akaahidi. Huku akikonyeza jicho.

Wikiendi ikafika. Akaanza kwa kuwaonjesha wasikilizaji vipande, akisingizia kidole kuteleza. Simu zikafurika. Akaachia wimbo wote, akaurudia, akaurudia tena, hadi mara 14 katika siku mbili. Jumatatu watu wakamiminika madukani London wakiulizia santuri ambayo haikuwa imetoka.

EMI wakadhani tatizo lao ni Everett peke yake. Hawakujua kwamba wikiendi hiyo kulikuwa na Mmarekani jijini London, bosi wa mlolongo wa vituo vya redio kwao, aliyeusikia wimbo ule na kuutaka. Ameshapata nakala yake.

Na huyo hakuahidi kitu kwa mtu yeyote.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO