Ini Walilopewa Mbwa

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Kwangu mimi msemo huo ulitimia neno kwa neno, kwa maana majuto niliyoyadhani yamelala yaliamshwa na mjukuu wangu mwenyewe, aliyekuja nyumbani na mbwa ndani ya gari.

Msomaji anayeifahamu nchi yetu ya Kilimanjaro anajua jinsi Desemba inavyokuwa. Watoto wa mlima waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo hurudi vihambani kula Krismasi pamoja na wazee. Barabara ya kutoka Moshi mjini kupanda migombani hujaa magari, na mbuzi hupanda bei. Katika msimu mmoja wa namna hiyo, si zamani sana, mjukuu wangu alifika na mbwa mkubwa wa Kijerumani, mwenye manyoya yanayong'aa kama viatu vya askari. Asubuhi ya pili alishuka sokoni Kiboriloni akarudi na mfuko umejaa maini, mapafu na mifupa, vyote vibichi.

Bibi yake alidhani ni vya mtori. Alipoambiwa ni chakula cha mbwa alishika kiuno, akasema, "Mjukuu wangu, sisi wengine tumezeeka bila kula ini kila wiki."

Tulicheka sote. Lakini kijana alikuwa na hoja zake, akazipanga vizuri kama mwanafunzi aliyesoma. "Babu," akasema, "mbwa ni wa ukoo mmoja na mbwa mwitu wa Ulaya. Hakuumbiwa ugali. Tazama meno yake. Mbwa mwitu hana sufuria."

Nilimsikiliza kwa heshima, maana mwalimu asiyesikiliza hafundishi. Nami baadaye nilitafuta kusoma, nikaona kwamba ubishi huu ni mkubwa katika nchi za wenzetu. Biskuti za mbwa zilianza kuuzwa London katika miaka ya 1860 na Mmarekani aitwaye James Spratt. Kabla ya hapo mbwa wa Ulaya alikula kama wa kwetu, yaani makombo, mifupa na uji. Kiwanda kikakua, na baada ya miaka mingi watu wengi wakaamini kwamba chakula cha mbwa ni kile cha mfuko na kopo. Kisha mwaka 1993 daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, akaandika kitabu kuwahimiza wafugaji warudi kwenye mifupa mibichi na nyama mbichi, akapata wafuasi wengi. Upande wa pili, chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani kilitoa msimamo mwaka 2012 wa kuwashauri watu wasiwape mbwa nyama isiyopikwa, kwa sababu ya vijidudu vinavyoweza kumdhuru mbwa na watu wa nyumba ile.

Sitaki kumdhulumu kijana wangu. Baadhi ya aliyosema ni kweli. Mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, ukaweza kumchoma mbwa koo na utumbo. Lakini hoja ya ugali haikusimama. Mwaka 2013 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba mbwa, kwa kuishi na binadamu mkulima maelfu ya miaka, amepata uwezo wa kusaga wanga ambao mbwa mwitu hana kwa kiasi hicho. Kwa maneno mengine, mbwa wa kihambani anayekula makombo ya ndizi na ugali hajaonewa. Amekuwa mwenzetu hata tumboni.

Hata hivyo, sikumkataza mjukuu wangu kwa sababu ya wanga wala meno. Nilipoliona lile ini bichi nililikumbuka ini jingine, na shule niliyokuwa nikiiongoza.

Nilitoka chuo cha ualimu wakati Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ingali mpya na sisi vijana tuna moto nayo. Mwaka 1973 nilikuwa kiongozi wa kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wasomaji wa rika langu watakumbuka: redio moja, kitabu kimoja, watu wazima wamekaa chini ya mti wakisikiliza habari za malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu, kisha wanakwenda kuchimba vyoo. Tulichimba vyoo kweli kweli. Lakini katika kikundi changu sikumbuki kumtaja mbwa hata mara moja.

Baadaye nikawa mwalimu mkuu wa shule ya bweni huko chini, katika nyika iliyo nyuma ya mlima, ambako Wachagga hupungua na Wamaasai huongezeka. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, baada ya vita vya Kagera, wakati sabuni ilikuwa habari na unga ulikuwa siasa. Shule ilikuwa na kondoo na mbuzi wake, matunda ya kujitegemea. Ilikuwa pia na mbwa watatu wa kulinda ghala la mahindi. Unga wa kuwapikia mbwa haukuwapo. Hata wa watoto tuliupata kwa kusukumana.

Kila tulipochinja, bwana mifugo alipoweza kufika alikagua. Mara nyingi alipasua ini la kondoo akatuonyesha vifuko vyeupe vyenye maji ndani, vingine vidogo kama punje ya hindi, vingine vikubwa kama yai. Alisema, "Mwalimu Mkuu, hili halifai. Lichimbiwe shimo refu, au lichomwe." Nami nilijibu, "Sawa, Bwana Mifugo," akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Mpishi aliniuliza kama achimbe. Nikalitazama lile ini, nikawatazama mbwa waliokonda, nikaona ni ubadhirifu. Nikasema, "Wape mbwa." Maneno mawili tu. Niliyasema siku ile, na baada ya hapo hayakuhitaji kusemwa tena; yalikuwa yamekuwa utaratibu wa shule.

Palikuwa na mvulana mmoja wa darasa la nne aliyewapenda wale mbwa kuliko wote. Wenzake walimwita kiranja wa mbwa. Aliwapelekea yale maini katika karai, akacheza nao, akawakumbatia, wakamlamba uso na mikono. Kisha kengele ya chakula ikalia naye akaenda kula makande kwa mkono ule ule. Nilimwona mara nyingi, nikafurahi kwamba mtoto wa mbali amepata rafiki.

Sasa niseme nilichopaswa kukijua, kwa lugha ya darasani. Yumo tegu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita chache tu, anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mbwa mmoja aweza kuwa na maelfu ya tegu hao na bado akabweka na kukimbia kama mzima. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakabaki katika majani, udongo, maji na manyoya ya mbwa mwenyewe. Kondoo, mbuzi au ng'ombe akiyameza, hugeuka vifuko vya maji katika ini na mapafu. Mbwa akila vifuko hivyo vikiwa vibichi, tegu huzaliwa upya tumboni mwake na mzunguko unaanza tena. Binadamu hapati ugonjwa huu kwa kula ini lenye vifuko. Huupata kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa, na hapo hufanyiwa kama alivyofanyiwa kondoo: kifuko humkua ndani polepole, mwaka baada ya mwaka, pengine bila maumivu, hata siku kinapombana au kupasuka.

Kwa hiyo ile amri ya kuchimba shimo haikuwa ubadhirifu. Hapo ndipo mahali pepesi kuliko pote pa kuukata mnyororo, na mimi niliuunga.

Historia ya kuukata mnyororo huo ni ndefu, tena yatia moyo. Kisiwa cha Iceland, nchi ya kondoo na baridi, kiliteswa sana na maradhi haya katika karne ya 19. Mwaka 1863 alifika huko mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, akawachunguza mbwa, kisha akaandika kijitabu cha kuwaeleza wananchi. Mwaka 1869 ikatungwa sheria kuhusu mbwa na kuteketeza viungo vyenye vifuko. Watu wa Iceland walikuwa wasomaji, wakakisoma na kutii, na kizazi baada ya kizazi ugonjwa ukatoweka kwao. New Zealand nayo ilitunga sheria mwaka 1959, ikakataza kabisa kuwapa mbwa viungo vibichi vya ndani, na mwaka 2002 ikatangaza kwamba imeushinda. Tazama, msomaji: nchi nzima iliokolewa na kanuni ambayo bwana mifugo wangu aliniambia bure, akiwa juu ya baiskeli.

Nasi Afrika Mashariki tuna sura yetu katika historia hiyo, na sehemu yake ilianzia hapa mlimani. Mwaka 1956 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walikutana chini ya Kilimanjaro wakabuni mpango wa kuwafikia wagonjwa wa mbali kwa ndege. Kutokana na wazo hilo likazaliwa shirika la AMREF. Mwaka 1983 shirika hilo lilianza kazi ya kupambana na vifuko hivi huko Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, ambako maradhi yalikuwa mengi kuliko karibu mahali pengine popote duniani. Katika jamii ile isiyo na maji mbwa alikuwa mlezi pia, aliyemsafisha mtoto mchanga kwa ulimi wake. Wataalamu waliwapasua wagonjwa, wakawapa mbwa dawa ya minyoo, wakapunguza mbwa wasio na mwenyewe, na zaidi ya yote wakafundisha.

Kwetu Tanzania ugonjwa haujaisha. Watafiti waliopitia kumbukumbu za machinjio ya Arusha za mwaka 2005 hadi 2007 walivikuta vifuko katika ng'ombe, kondoo na mbuzi. Wengine wamevikuta Ngorongoro. Nyika ile ndiyo inayotuletea nyama sisi wa migombani.

Nimewaza pia juu ya wazee wetu wa Kichagga. Mbuzi alipochinjwa kihambani hapakuwa na kiungo kisicho na mwenyewe: hiki cha baba, hiki cha mama, hiki cha mjomba, na ini liliingia chunguni. Mbwa alibaki na mfupa na subira. Sidhani wazee walimjua tegu. Lakini desturi yao ya kugawa ilimnyima tegu njia, na mimi msomi mwenye cheti ndiye niliyeifungua.

Mwaka 1997 kijana mrefu alinitembelea nyumbani. Sikumtambua mpaka alipotabasamu. Alikuwa kiranja wa mbwa. Alikuwa ametoka kupasuliwa katika hospitali kubwa. Alifungua vifungo vya shati akanionyesha kovu, chini ya mbavu upande wa kulia, refu kama kiganja changu. Daktari alikuwa ametoa kifuko katika ini lake. "Mwalimu," akaniambia, "daktari aliniuliza kama nilipokuwa mdogo niliishi na mbwa. Nikamwambia ndiyo, tulikuwa nao shuleni, Simba na wenzake." Akacheka kwa kumkumbuka Simba.

Nyumbani kwao pia walikuwa na mbwa na kondoo. Huenda aliyapata mayai yale huko kabla hajavaa sare ya shule. Hakuna daktari awezaye kusema ni mbwa gani, na kijana mwenyewe hakuja kunishtaki. Alikuja kunisalimu na kuniletea kilo mbili za sukari. Nami nilipokea ile sukari, nikamshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani, bila kumwambia habari za yale maneno mawili. Jambo hilo nimelibeba mpaka leo. Kama kitabu hiki kitamfikia, asome hapa kile ambacho mwalimu wake alishindwa kukisema uso kwa uso.

Habari hii nilimsimulia mjukuu wangu siku ile, mfuko wa maini ukiwa katikati yetu. Hakubisha tena. Aliuliza swali moja tu, la mtu mwenye akili: "Kwa hiyo nimpe nini, Babu?"

Nikamwambia: nyama ya mnyama aliyekaguliwa; ini na mapafu yachemshwe mpaka yaive ndani kabisa, na yenye vifuko yachimbiwe shimo refu ambalo mbwa hafukui; mbwa apewe dawa ya tegu kwa maelekezo ya daktari wa mifugo; na kila aliyemshika aoshe mikono kabla ya kula. Haya si mageni. Aliyatwambia bwana mifugo wa miaka ile, naye hakuwa na gari.

Kijana akaenda kuwasha moto mwenyewe, akabandika sufuria juu ya mafiga. Bibi yake akamwazima ile kuukuu, akisema ile nzuri ni ya watu. Maini yalipoiva akayapoza, akachanganya na ugali wa dona, akamwekea mbwa wake wa Kijerumani. Tulisimama sote kumtazama kama atakataa.

Alilamba sufuria mpaka chini.