Nyumba ya Magdalene: Makao ya wanawake baada ya gereza

Mwanamke anapotoka gerezani, swali la kwanza ni hili: leo atalala wapi? Asipokuwa na jibu, mara nyingi hurudi kwa watu walewale na mitaa ileile iliyomfikisha gerezani. Katika makala haya tunaeleza jinsi nyumba moja yenye misingi ya imani ilivyojaribu kulijibu swali hilo.

Mwanzilishi ni nani?

Becca Stevens ni kasisi wa Kanisa la Episkopali, yaani Waanglikana wa Marekani. Alipokuwa na miaka mitano, baba yake, naye akiwa kasisi, aliuawa na dereva mlevi. Baadaye, kama alivyosimulia hadharani, alidhulumiwa kingono na mtu wa kanisani. Hata hivyo, hakuliacha kanisa. Mwaka 1997, mjini Nashville katika jimbo la Tennessee, alifungua nyumba iliyoitwa Magdalene na kuwapokea wanawake watano waliokuwa wakitoka katika ukahaba na dawa za kulevya. Wengi wa wanaopokelewa huko wamewahi kufungwa.

Nyumba inaendeshwaje?

Mkazi hukaa miaka miwili bila kulipa kodi. Hupata matibabu, ushauri nasaha na msaada wa kuachana na dawa za kulevya. Hakuna msimamizi anayelala humo. Wanawake wenyewe ndio wanaoitunza nyumba. Kwa mtu aliyezoea kufungiwa na kufunguliwa mlango na askari, kukabidhiwa ufunguo ni jambo kubwa.

Kwa nini kazi?

Makazi peke yake hayakutosha, kwani mwenye rekodi ya jela hapati mwajiri kwa urahisi. Ndiyo maana mwaka 2001 ilianzishwa Thistle Farms, ambako wanawake hao hutengeneza mishumaa na mafuta ya kujipaka, na kulipwa mshahara. Jina hilo linatokana na mbaruti, gugu lenye miiba linaloota kando ya barabara walikokuwa wakisimama. Ua lake, hata hivyo, ni laini.

Funzo ni lipi?

Kwa kanisa au msikiti unaofikiria kufungua nyumba kama hii, tunadhani hesabu ya kwanza si ya vitanda. Ni ya miezi: mtaweza kumlisha na kumtibu mtu mmoja kwa muda gani bila kumdai chochote? Nashville walianza na watano tu, lakini waliwapa miaka miwili.